Muvi ya jamaa anayetazamwa bila kujua ilivyokaribia kuninyima mke, Jericho miaka ya tisini

Wakuu, niaje. Heshima kwa wakubwa, salamu kwa rika langu, na nyinyi mliozaliwa na simu mkononi, vuteni viti.

Hii ni ya kweli tupu. Mke wangu yuko hapa nyuma anasoma kila mstari, na yeye si mtu wa kuacha uongo upite. Nikizidisha chumvi mtaona uzi umefutwa.

Twende.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha. Mimi ni kijana wa Machakos, karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja Industrial Area, nimepanga chumba mtaa wa Jericho. Zile nyumba za kanso, za baraza la jiji, mnazijua. Mwenye nyumba alikuwa amegawa sebule yake kwa silingbodi, zile mbao nyepesi za dari. Upande huu mimi, upande ule mama mmoja muuza chapati, tukimwita Mama Njeri.

Huo ukuta ulikuwa jina tu. Yeye akipiga chafya, mimi ndiye nilimwambia pole.

Tulielewana sana. Jioni akirudi na chapati zilizobaki alikuwa akiniita, anasukuma pazia, ananiwekea mbili mezani, anapiga stori kidogo anaenda zake. Mlango jioni hatukuwa tunafunga, ilikuwa pazia tu.

Sasa, nilikuwa na manzi. Wambui, fundi wa cherehani, kwao mtaa wa Tena. Wakuu, nilimpenda huyo msichana mpaka stoo nikawa naandika jina lake kwenye maboksi ya misumari.

Shida ilikuwa moja. Yeye Mkikuyu, mimi Mkamba.

Siku hizi mtaniambia kabila ni nini. Siku hizo mama mkwe mtarajiwa angekuuliza huku anatabasamu kama ni kweli kwenu kuna wachawi wengi, na kumbe anangoja jibu. Hiyo sifa tulipewa bila kuiomba. Kila Mkamba aliyechumbia nje ya kwao anajua ninachosema.

Baba Wambui, mzee mmoja dereva mstaafu, mtu wa maneno machache, hakuwa amekubali wala kukataa. Alikuwa amesema tu, "Tutakuita na watu wako." Nikawa nangoja hiyo siku kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Jumapili nilikuwa naenda kwao kusalimia. Hapo ndipo mambo yalianza kuwa ya ajabu.

Siku moja mzee ananiuliza, "Na homa iliisha?" Kweli nilikuwa nimelala na homa wiki hiyo, lakini kule Tena hakuna mtu nilikuwa nimemwambia. Hata Wambui.

Jumapili nyingine mama yake ananichekelea. Eti sisi Wakamba tunaacha muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, mpaka inaungua. Haki ya Mungu, muthokoi yangu ilikuwa imeungua! Yangu, chumbani kwangu, niko peke yangu!

Nikacheka tu. Lakini nilikosa raha.

Basi Jumamosi moja nikaingia video. Kwa wale wachanga: nyuma ya soko kulikuwa na kibanda cha mabati, ndani mabenchi, mbele TV moja na deki ya kaseti. Muvi ilikuwa ya Kizungu, kwa hivyo kulikuwa na jamaa anaitwa Kinuthia, ana maikrofoni, anatafsiri. Kutafsiri ni kusema tu. Kinuthia alikuwa anaongeza pilipili yake mpaka muvi inakuwa ya hapa kwetu Makadara.

Tulizoea karate. Siku hiyo tukawekewa muvi isiyo na hata kofi moja. Watu wakaanza kelele, "Ngumi iko wapi?" Kinuthia akafoka, "Tulieni nyinyi! Huyu jamaa ana shida kubwa kuliko ngumi!"

Na kweli alikuwa nayo. Jamaa anaishi mjini kwao vizuri, ana bibi, ana kazi, majirani wanamwamkia kila asubuhi. Kumbe wote ni waigizaji! Bibi, majirani, marafiki, wote wanalipwa. Maisha yake yote yanaonyeshwa kwa televisheni nchi nzima, na yeye peke yake ndiye hajui.

Kinuthia alikuwa karibu kulia. "Kamera iko kwa saa! Iko kwa kioo! Iko kwa balbu, muoneni, anakula tu, hajui!" Mpaka leo sijui ni kamera gani zilikuwa za muvi na gani zilikuwa za Kinuthia.

Nilirudi nyumbani polepole. Nawaza homa. Nawaza muthokoi. Nafika mlangoni, Mama Njeri ananiambia, "Umetoka video." Nani amemwambia?

Chekeni tu, mna haki.

Sikuamini yote. Nani angemuonyesha karani wa stoo kwa televisheni? Lakini nikasema nijaribu. Jioni hiyo, niko peke yangu, nikasimama chini ya balbu nikasema kwa sauti: "Mimi terere siipendi. Nakulaga kwa heshima tu."

Terere ni ile mboga ya majani akina mama wa Kikuyu wanaipenda kupita kiasi. Kule Tena nilipakuliwa kila Jumapili, namumunya natabasamu.

Jumapili iliyofuata mama Wambui akapakulia kila mtu terere. Akafika kwangu. "Wewe tumekuwekea kabeji."

Kijiko kilinianguka.

Mtu mwenye akili timamu angeogopa. Mimi, wakuu, nilifurahi! Kwetu tulizaliwa wengi, hata kuugua ulikuwa unangoja zamu yako. Sasa kuna mtu mahali fulani anataka kujua mimi napenda mboga gani. Nilijiona mfalme.

Nikaanza kuishi vizuri. Nachana nywele kabla ya kulala. Natandika kitanda na pembe zake. Naosha sufuria nikiimba nyimbo za kanisa, tena sauti ya pili. Jioni nasimama chini ya balbu nawaamkia watazamaji wangu: "Hamjambo huko mliko. Leo tumekula ndengu. Kazini kulikuwa kuzuri." Nawapa habari za siku, nawaaga.

Wakati wa kubadilisha nguo nilikuwa nageuza kioo kinaangalia ukuta, na saa naifunika kwa kitambaa cheusi. Hiyo ilikuwa adabu tu. Huwezi kuvua nguo mbele ya watu usiojua kama wameketi na watoto wao. Baadaye nikaona uvivu kufunua kila mara, nikaacha hivyo hivyo.

Sasa simameni hapo kidogo, mnitazame kwa macho ya mama wa Kikuyu anayeleta chapati.

Mkamba. Saa imefunikwa kitambaa cheusi. Kioo kimepewa mgongo. Na kila jua likizama anaongea na dari, anawaambia watu wasioonekana amekula nini.

Nilikuwa nimejimaliza na sijui.

Siku ya kuitwa ikafika. Mjomba wangu Nzioka, mchonga vinyago, akaja kutoka Machakos na suti yake ya kaki na twiga wa mbao wa kuwapa wenyeji. Tukapokelewa Tena vizuri, chai, maombi marefu. Kisha baba mdogo wa Wambui, ndiye msemaji wao, akasimama.

"Hatuna ubaya na kijana," akasema. "Lakini tuna mtu wetu anayeishi karibu naye. Ameona mambo."

Akayataja. Kioo. Saa. Balbu. Yote, moja baada ya jingine, kwa sauti ya upole kabisa.

"Kwa hivyo tunauliza tu. Huwa anawaamkia akina nani?"

Mjomba akanigeukia, macho yamemtoka. Kisha akasimama kwa hasira. "Sisi kwetu tunachonga twiga. Majini hatuchongi!"

Hakuna aliyecheka. Wambui alikuwa mlangoni kwa jikoni na chupa ya chai mkononi, machozi yanamlengalenga. Mzee alikuwa anaangalia kikombe chake. Nikajua hapa nampoteza.

Ndipo pazia la jikoni likafunguka, akaingia mtu na sahani ya chapati.

Mama Njeri! Amevaa kitambaa cha kanisa!

Kumbe ni binamu wa mama Wambui. Mnajua desturi ya wazee wetu, Wakamba kwa Wakikuyu: kabla hujatoa msichana, unatuma macho kwanza. Wambui alipotaja nyumba ninayoishi, hao watu walimshukuru Mungu. Mtu wao tayari alikuwa nyuma ya ukuta wangu.

Na mimi, badala ya kunyamaza kama mtu aliyelelewa, nikaruka juu.

"Nilijua! Nilijua natazamwa!"

Mjomba akanivuta koti. Shangazi mmoja pale pembeni akaanza kuomba kwa sauti ya chini.

Nikaeleza. Muvi, kamera, terere, yote. Nilieleza vibaya sana, maneno yanakimbizana. Baba mdogo akaniuliza, "Kwa hivyo uliona kwa video kwamba uko kwa video?" Nikamwambia ndiyo. Hiyo haikusaidia.

Mzee akaweka kikombe chini. Akachukua kofia yake.

"Twende tuione hiyo sinema," akasema.

Wakuu, sijawahi kuona msafara kama ule. Wazee wa Kikuyu na suti zao, akina mama na vitambaa vyao, Wambui, mjomba wangu, mimi, wote tumepangwa nyuma ya pikapu ya baba mdogo, Tena mpaka Jericho, Jumamosi mchana. Kinuthia kutuona alidhani ni watu wa kanisa wamekuja kumfungia kibanda. Nilimshika mkono nikamnong'oneza, "Ndugu, ile kaseti. Niokoe."

Alikuwa bado nayo. Wateja wa karate wakaambiwa wangoje. Walinung'unika, lakini walipoona nywele nyeupe zikiketi kwenye benchi wakasogea.

Kinuthia alitafsiri siku hiyo kama mtu anayesoma maandiko. Matusi yote akayatoa. Akina mama wakiguna kwamba hawajaelewa, anarudia kwa Kikuyu.

Mama Njeri alikaa mbele kabisa. Ilipofika ile sehemu jirani anamwamkia jamaa kwa tabasamu, na huku anajua kila kitu, nikaona amejifunika uso.

"Ngai, Mungu wangu," akasema, "kumbe huyu ni mimi."

Muvi ikaisha. TV ikazimwa, mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia. Hakuna aliyeinuka. Mzee akanigeukia.

"Huyu wa sinema alipojua anatazamwa, alienda zake. Wewe ulipojua, mbona hukuhama?"

Nikasema ukweli. "Mzee, mimi nilichana nywele."

Kibanda kizima kikapasuka! Hata wale wa karate. Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini mzee hakucheka, alikuwa anamwangalia Mama Njeri, kwa sababu yule mama alikuwa amesimama.

"Kuna kitu nimekuwa nikikificha," akasema. "Huyu kijana kila jioni, akishawaambia hao watu wake amekula nini, anawaambia juu ya Wambui. Anawaambia akimpata hataomba kingine. Anawaambia wamsaidie kumwombea, kwa sababu baba yake hajasema kitu. Mimi nilisikia nikaogopa. Nilidhani ni dawa anampikia mtoto wetu. Kumbe alikuwa anaongea tu vile mtu anaongea akipenda."

Wakuu, nilitaka ardhi inimeze. Wambui alikuwa amesimama karibu na mabati, analia na kucheka pamoja. Sikujua niangalie wapi.

Mzee akavaa kofia yake polepole.

"Kijana," akasema, "hapa kwetu utatazamwa mpaka uzeeke. Utaweza?"

"Nitaweza, baba."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. Hakunikosoa. Akampa mjomba mkono, na akina mama wakapiga vigelegele ndani ya kibanda cha karate. Kinuthia naye akajiunga kwa maikrofoni.

Wambui nilimuuliza baadaye kama alijua habari za Mama Njeri. Alijua. "Ningekuambia," akasema, "ungeanza kuigiza." Nikamwambia, na si niliigiza tu! Tulicheka siku hiyo, na ananicheka mpaka leo.

Funzo langu kwenu vijana. Ukichumbia, jua macho yametangulia, hata usipoyaona. Usikasirike, watu hawachunguzi kitu wasichokithamini. Tandika kitanda, osha sufuria. Na ukijikuta unaongea na balbu, ongea maneno ambayo hutaona haya yakirudiwa mbele ya baba mkwe.

Sasa semeni nyinyi. Kwenu walimtuma nani, na alirudi na habari gani? Wambui anasema anaanza na wale wanaojifanya hawakuchunguzwa.