Siku Niliyompigia Kathambi Simu Manchester

Wacha nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine. Mimi ndiye hupokea simu katika ofisi yetu hapa Meru, na najigamba hakuna nambari inayonishinda.

Dada yangu Kathambi ni nesi huko Manchester, Uingereza. Mama alikuwa amekaa miaka miwili bila kusikia sauti yake. Barua ilipoleta nambari ya simu, inayoanza na 0161, nikamleta Mama ofisini kutoka Kianjai, amevaa nguo ya kanisa. Nikapiga nambari vile ilivyoandikwa.

"Kathambi ako?" Mama akauliza, ameshika simu kwa mikono miwili.

Mwanamke akajibu kwa Kiswahili. Mama akawasifu wazungu kwa kukisoma. Wakaulizana habari za mvua, hata za maharagwe.

"Hiyo ni Ulaya moja kwa moja!" nikawaambia wenzangu, halafu nikatega sikio.

"Huyo Kathambi simjui," mwanamke alikuwa akisema, "lakini njoo tumuulizie sokoni. Ukipanda gari asubuhi, saa sita uko hapa Embu."

Nikaitazama barua tena. 0161 ni nambari za Embu, na mimi huzipiga kila wiki! Za Manchester zinafanana nazo, lakini nilipaswa kutanguliza nambari za nchi ya Uingereza.

Mama akaweka simu chini polepole.

"Kumbe ako Embu tu! Na mimi kila Jumapili nasimama kanisani, namuombea huko ng'ambo!"

Ofisi yote ikanigeukia mimi, mtaalamu wa simu.