Kadi Chafu

Mjane wa fundi wa kadi alinikuta ofisini kwangu bandarini, Kalundu, nikiwa nimezama katika karatasi za mzigo wa saruji ambazo mwenye mzigo alikuwa amezijaza vibaya mara mbili. Kazi yangu ni udeklarani, kupitisha mizigo ya watu forodhani. Siku nzima nasahihisha makosa ya watu wanaodhani kosa dogo si kitu, na miaka ya kazi hiyo imenimalizia subira. Mke wangu ni shahidi. Nikamwambia mama yule angoje. Akangoja amesimama, mkoba kifuani, mpaka nikaona haya.

"Papa, minye niko bibi ya ule mutu wa kujaza kadi, wa Kilibula," akasema. "Ule ulikuwaka unamugombeza juu ya sauti yake."

Nilimkumbuka mumewe mara moja, na hasira ikaniamka hata kabla ya huruma. Alikuwa na kibanda mbele ya bomba la maji, ordinateri moja, yaani kompyuta, na spika mbili. Ulimpelekea kadi ya kumbukumbu ya simu yako, naye akakujazia nyimbo. Nusu ya mji ilipita pale. Lakini alikuwa na mchezo ulionichoma roho: ndani ya kila wimbo alichomeka sauti yake mwenyewe, akipaza kwa nguvu, "Kadi inajaa, roho inajaa! Fundi wa Kilibula, mbele ya robine!" Kisha anacheka. Katika nyimbo za harusi haikumsumbua mtu. Katika jazz ilikuwa balaa, maana yeye alitafuta mahali ambapo vyombo vingine vimenyamaza na besi imebaki peke yake. Kwake pale palikuwa patupu, pamekaa bure. Basi mpiga besi anatoa vyote alivyo navyo, kidole baada ya kidole, sisi wapenda jazz tumeshika pumzi, mara: "Kadi inajaa!"

Nilimfuata kibandani zaidi ya mara tatu kumpigia kelele. Mara ya mwisho alinitazama kwa upole ulionikera zaidi kuliko matusi. "Weye uko unatafuta muziki, papa," akaniambia. "Minye niko natafuta kula. Mutu akisikia, atajua fasi ya kukuya." Baadaye aliugua, wiki mbili tu, akaenda. Nilihudhuria matanga, nikala na chakula.

Sasa mkewe alikuwa mbele yangu. Picha za mumewe anazo, akasema, na shati lake analo. Sauti hana. Ordinateri na spika vilichukuliwa na ndugu wa marehemu matanga yalipoisha, vikauzwa. Ujumbe wa sauti hakuwahi kumtumia hata mmoja, kwa kuwa alikuwa bahili wa simu. Alibipi tu, mke ajue amefika.

"Huu ni mwaka wa tatu," akasema, "na nimeanza kuisahau. Nikimuota anafungua kinywa, lakini hakuna kitu inatoka. Nimeuliza mitaa yote. Batu banajazaka kadi mupya kila mwezi, ya zamani banafuta. Banasema nyinyi benye kupenda jazz ndio munasikilizaka kitu kimoja miaka na miaka. Basi nimekuya. Nataka sauti yake tu."

Hiyo ndiyo sifa pekee ya kweli niliyowahi kusikia ikitolewa juu yetu hapa Uvira. Na mimi ndiye niliyeiharibu, kwa mikono yangu, kwa bidii, tena nikijisifu.

Wapenda jazz tunaokutana ni wanne. Yupo muuguzi mstaafu, ambaye uwanja wake ndio makao yetu, yupo mwalimu wa kwaya, yupo mama mshonaji mwenye karakana karibu na soko, na mimi. Kila Jumamosi alasiri, kwaya ikishamaliza mazoezi, tunakaa, na kila mmoja anataja albamu aliyomo wiki hiyo. Ndivyo tunavyosema: "Niko ndani ya ile ya saksofoni." Unapiga wimbo mmoja tu katika spika ndogo ya muuguzi, kisha unaeleza ulichokigundua. Muuguzi yuko ndani ya albamu moja ya piano tangu masika ya mwaka juzi. Anadai hajaimaliza. Mwalimu wa kwaya huingia katika zile za tarumbeta ili kuwasahihisha wapigaji. Mama mshonaji hasemi sana, ila husema jambo moja ambalo ninalifikiria mpaka Alhamisi.

Fundi alipokufa, nikaona wakati wa usafi umefika. Nina binamu Bujumbura mwenye intaneti nzuri. Akanipatia albamu zetu zote zikiwa safi, nikazileta kwa flashi, nikakusanya kadi za wenzangu moja baada ya nyingine, nikazifuta, nikazijaza upya. Ndipo nikagundua kwamba hata mpangilio wa nyimbo ulikuwa mbovu: mashine ya fundi ilizipanga kwa alfabeti, kwa hiyo kwa miaka yote tulikuwa tukianza albamu kwa wimbo unaoifunga. Nilitegemea shukrani. Muuguzi akasema mpangilio mpya unamletea kizunguzungu.

Nikatunga sheria: kadi chafu, yenye sauti ya fundi, hailii hapa. Anayekuja na kadi chafu atakaa alasiri yote simu ikiwa mfukoni. Halafu nikafanya lile ambalo hadi leo linanichoma. Jumamosi moja nikavuta pumzi ndefu, nikajifanya nimeikumbuka sauti ya fundi, nikasema laiti ningeisikia tena mara moja tu. Mwalimu wa kwaya akaingia mtegoni. Akachomoa kadi ya pili kutoka katika kitabu chake cha nyimbo za misa, uso ukimng'aa kwa furaha ya kunisaidia. Nikaipokea, nikaifuta mbele ya macho yake. Nilicheka wiki nzima.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Jumamosi iliyofuata ziara ya yule mjane, nilikaa kwa muuguzi nikawaambia wenzangu kila kitu, tangu karatasi za saruji hadi ile ndoto ya kinywa kisichotoa sauti. Nikamaliza: "Nani amebaki na kadi chafu?"

Walinitazama kama wachuuzi wanavyomtazama mtu wa kodi.

"Minye sina," akasema muuguzi.

"Uliifuta ya kwangu," akasema mwalimu wa kwaya. "Nilikuona. Hata weye ulicheka."

"Najua nilicheka. Leo sicheki."

"Siku ile pia ulikuwa na huzuni mingi."

Nikaapa. Nikaapa kwa watoto wangu. Mwalimu wa kwaya akasema safari hii mtego una hata mjane ndani yake, na kwamba kutumia matanga ya mtu kutafutia kadi ni dhambi, niende nikaungame. Nikapandwa na hasira, nikawaita waongo. Muuguzi akasema taratibu kwamba mtu anayewaita wenzake waongo nyumbani kwao na aende kunywa chai yake kwake. Mama mshonaji akakunja kitenge alichokuwa akikipinda, akaaga. Hakuna albamu iliyopigwa siku ile. Nilirudi nyumbani nikisema peke yangu barabarani, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba hawakunionea.

Jumatatu nilibeba suruali isiyo na tatizo lolote, nikaenda kwa mama mshonaji. Nilitaka kumbembeleza peke yake, maana yeye hajawahi kunidanganya. Nilikuwa bado nje, karibu na dirisha, nikasikia cherehani, na juu ya cherehani saksofoni, ile albamu ya nyimbo tano tunayoijua wote. Saksofoni ikapumzika. Piano ikanyamaza. Besi ikabaki. Mguu wake ukaacha pedali, karakana ikatulia.

"Kadi inajaa, roho inajaa! Fundi wa Kilibula, mbele ya robine!" Na kicheko.

Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililohisi lilikuwa ghadhabu. Niliingia nimekunja uso, kidole juu, sentensi ya kumshtaki iko mdomoni, na ndipo nikakumbuka kwamba hiki ndicho nilichokuwa nikikitafuta.

"Nilijua siku moja utanikamata," akasema, bila kuinuka.

"Sijakuja kukukamata, mama. Nakuomba."

Akanichunguza kwa muda, kisha akaamini; nadhani ni kwa sababu sijawahi kutamka neno hilo mbele yake. Aliniambia kwamba kadi aliyonipa niifute ilikuwa ya mtoto wake. Ile yenyewe hakuitoa.

"Kwa nini?" nikauliza. "Inaharibu!"

"Minye nilijifunza wimbo na yeye ndani," akasema. "Akianza kuita, mikono yangu inapumuzika. Ile ya kwako iko safi, papa, lakini haina fasi ya kupumuzika. Na bale bengine, usibagombeze, bako na za kwabo pia. Muuguzi anaficha yake mu sanduku ya dawa. Mwalimu alikupa moja, akabakia na ingine."

Kumbe! Watu watatu tu ninaowaamini juu ya muziki katika mji mzima, na wote watatu walikuwa wakinichezea kila Jumamosi, wakinisikilizisha usafi wangu, kisha wakirudi nyumbani kwenye uchafu wao. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilikasirika, nikashukuru, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Akafunga karakana, tukaenda Kilibula pamoja, suruali yangu ikiwa bado mkononi.

Mjane alikuwa mbele ya nyumba yake, akiuza ungo wa ndagala, yaani dagaa, zilizokauka. Alipoona tumekuja wawili, alijifuta mikono, akawaelekeza wateja wake wawili kwa jirani, akatukalisha ndani. Mama mshonaji akaweka simu mezani. Wimbo ukaanza.

Mjane alisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesubiri hotuba ya mgeni imalizike. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili. Akanitazama. Mimi nikatazama meza. Alianza kuokota magamba ya ndagala kwenye kitenge chake. Kisha besi ikabaki peke yake, na mumewe akapaza sauti ndani ya chumba kile.

Hakulia. Alijishika shingoni tu. Kilipokuja kicheko, midomo yake ilifuata, ikatengeneza kile kicheko bila sauti.

"Tena," akasema.

Mama mshonaji akairudisha nyuma, karibu na pale pale. Tukasikiliza mara tatu, mara nne. Mara ya tano mjane akanigeukia. "Papa, banasema weye unajua kusafisha. Unitolee hii makelele ya mbele na hizi kamba ziko zinalia chini yake. Unibakizie yeye tu."

Miezi mizima nilikuwa nimekesha kuitoa sauti ya mtu yule kutoka katika muziki, na sasa nilikuwa naombwa niutoe muziki kutoka katika sauti yake. Ningefanya. Nasema kweli, ningeikata ile albamu vipande siku ile ile bila kunung'unika. Lakini haiwezekani, alikuwa ameimwaga sauti yake juu ya besi, na ukiivuta besi utamng'oa naye. Ukikata mbele na nyuma, besi inabaki naye, na anaibuka ghafla kama aliyekatwa, maana noti ya besi inaanza kabla yake na inaisha baada yake. Nikamweleza hivyo, nikitegemea atanikasirikia, na alikuwa na haki.

Hakukasirika. Aliitazama simu.

"Tangu inaanza mpaka aseme, ni dakika ngapi?"

"Nne na kidogo," nikasema.

Akaichukua simu mezani kwa mikono miwili, akaurudisha wimbo mwanzo kabisa kwa kidole chenye harufu ya ndagala, akaegemea ukuta.

"Sawa," akasema. "Nitamungojea."