Mkate wa Konzi

Mkate wa Konzi ulipata jina lake kwa mzee mmoja mwokaji, ambaye hakuruhusu mkate utoke mikononi mwake kabla hajaupindua na kuugonga kitakoni kwa vifundo vya vidole. Watu wakambandika jina la Mzee Konzi. Hakulikataa, alilipiga chapa kwenye karatasi ya kufungia. Alipofariki, tanuri na jina vilibaki kwa binti yake, ambaye mtaa mzima humwita Shangazi. Shule alisoma vizuri, na kazi ya ofisini angeipata, lakini alikuwa akisema ofisi ina wakubwa wengi, tanuri lina mkubwa mmoja.

Wiki moja redio iliyokaa juu ya debe la mafuta ilitangaza kwamba yule mwimbaji ambaye wimbo wake ulikuwa mlio wa simu ya kila mtu, baada ya kuuza manukato na raba, sasa anaingia kwenye mkate. Shangazi hakushtuka. Meneja wa mwimbaji alikwishafika kwake kuomba mkate huo uokwe hapo, akiwa na mfano wa karatasi mpya: sura ya kijana, miwani myeusi, na jina lake kwa herufi kubwa. La Mzee Konzi halikuwemo hata kwa herufi za sisimizi.

Shangazi alisema kuoka ataoka, lakini jina la baba yake halitoki. Meneja akacheka, akauliza nani atatoa pesa yake anunue konzi. Shangazi akamjibu kwamba chema chajiuza.

"Siku hizi, mama, hata chema hutembezwa," alisema meneja. Wakaachana kwa ahadi kwamba mwimbaji mwenyewe ataamua siku ya uzinduzi.

Siku hiyo waandishi wa habari walijaa kwenye chumba cha tanuri hadi unga ukawapanda kwenye viatu. Mwimbaji alivaa aproni iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Shangazi aliombwa, kwa adabu nyingi, asimame nyuma ya magunia, kwa kuwa meneja alikwishawaambia waandishi kwamba kijana anaoka mwenyewe. Tena, ili kamera zisisubiri, meneja akafungua tanuri kabla ya saa yake.

Mikate ilitoka ikiwa na rangi nzuri ya kudanganya. Mwandishi mmoja akauliza mtu hujuaje kama mkate umeiva.

"Rangi tu," alisema mwimbaji, akashika kisu.

Shangazi aliona lililokuwa likija. Angenyamaza, kijana angeaibika hadharani na meneja angepata dawa yake. Lakini ule unga mbichi ungeonekana nchi nzima, nao ulikuwa umetoka kwenye tanuri la Mzee Konzi. Akajitokeza, akaushika mkono wenye kisu.

"Bado, mwanangu. Sikiliza."

Akaupindua mkate akaugonga. Ukatoa sauti nzito ya gunia la unga. Akachukua mwingine katika ile ya alfajiri, iliyobaki kwenye rafu, akaugonga pia. Huo ukaitika kama ngoma.

Meneja alianza kueleza jambo, lakini mwimbaji alikuwa amefumba macho. Akaomba achanganyiwe ya rafuni na ya tanurini, agonge mwenyewe. Aligonga wa kwanza, wa pili, wa tatu, akitenga ulioiva na usioiva bila kukosea, mpaka waandishi wakaanza kupiga makofi kufuata mdundo wake.

"Shangazi, nani alikufundisha?"

"Baba. Ndiyo maana wakamwita Mzee Konzi."

Mwimbaji akamgeukia meneja. "Na jina hilo liko wapi kwenye karatasi?"

Meneja akajifuta unga ambao haukuwapo.

Mikate mibichi ikarudishwa tanurini, na waandishi wakasubiri kama watu wengine. Jioni taarifa ya habari haikutaja jina jingine ila Mkate wa Konzi, na kesho yake wenye maduka walilalamika kwamba wateja wanagonga mikate yote kabla ya kuchagua mmoja.

Karatasi mpya zilipoletwa, jina la mzee lilikuwa juu, la mwimbaji chini yake. Shangazi alizikagua, akamrudishia meneja kwa sharti moja tu: kijana avuliwe ile miwani. Mwokaji, alisema, lazima aone tanuri.