Kule Wanakohesabu Watu

Watu wakiniuliza kwa nini niliingia jeshini huwa nawaambia nilipenda kombati. Wanacheka, nami nacheka, yanaisha. Msichana wa mtaa wa Cheyo, mwembamba kama ufito, kombati zenyewe zilinipwaya, acha wacheke. Ukweli una harufu ya nta na moshi, na kila nikiukumbuka najikuta nimesimama uani kwetu asubuhi ya ukungu mwepesi, baba anafunga madumu kwenye baiskeli.

Baba alikuwa mrina asali. Msimu ukifika aliingia porini kwenye mizinga yake na kukaa huko wiki nyingi. Wenzake walikwenda kwa makundi, yeye alitaka peke yake. Mkaidi! Ukaidi huo nimeurithi, na mama hakuacha kunikumbusha.

Kwetu ilikuwa mwiko kumhesabia siku mtu aliyeko porini. Ukimhesabia, eti unamwitia balaa. Basi hatukuhesabu. Mama alishona nguo za watu barazani, mimi nikaenda shule na kurudi, jua likachwa na kuchomoza. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hapakuwa na siku ambayo tulisema, leo amepotea. Watu walipoingia porini kumtafuta, mvua zilikuwa zimenyesha na vijia vimeota majani. Wakarudi wakidai ana mke mwingine Mpanda. Haki ya Mungu, nilitamani iwe kweli.

Tukabaki wawili, mama na mimi. Miaka ile naikumbuka kama usingizi wa mchana: sauti ya cherehani, honi ya treni ikitoka mbali, vumbi jekundu likielea mlangoni bila kutua. Nyuma ya mtaa wetu ilipita njia ambayo, wanasema, wapagazi wa zamani waliifuata kwenda Ujiji na kurudi pwani. Nilikuwa nikiwaota. Walipita kimya, mizigo mabegani, na baba yumo katikati yao akisukuma baiskeli, hanitazami. Nami nawahesabu. Kila nikifika mwisho wa mstari, mmoja hayupo, na naanza upya.

Siku moja, shule nimeshamaliza, mama alinituma Kanyenye kununua uzi. Njiani nikakuta makuruta wakitoka mchakamchaka. Kiongozi wao akawasimamisha, akapaza sauti, "Hesabu!" Moja, mbili, tatu, namba ikawa inaruka kutoka kinywa hadi kinywa mpaka ikafika nyuma. Kumbe mmoja alikuwa hayupo. Nilidhani wataendelea na safari yao. Wapi! Wawili walirudishwa mbio kumtafuta, na kundi zima likasimama juani likimsubiri. Walimkuta mtaroni anatapika, wakaja naye wamemshika mikono. Nilisimama kando ya barabara na uzi wangu, nikalia mpaka mama mmoja muuza karanga akaniuliza kama nimefiwa.

Miezi michache baadaye nikapeleka maombi. Mama sikumwambia. Niliogopa, kwa sababu nikiondoka mimi nyumba inabaki na mtu mmoja.

Kwenye usaili tulipangwa mstari, na kila mmoja akiulizwa sababu alijibu kama kasuku: kulitumikia taifa langu. Afande aliyekuwa mezani alikuwa Mzaramo, na aliposikia mimi Mnyamwezi akafurahi, maana alikuwa amepata mtani.

"Aa, nyie! Mmezoea kubeba mizigo ya watu. Umekuja kutafuta mzigo?"

"Mizigo tulikuwa tunawaletea nyie, mtani," nikamjibu. "Tulipofika huko pwani tukawakuta mmelala, na mpaka leo hamjaamka."

Wote wakaangua kicheko, na yeye zaidi. Utani una hilo, unakulegeza ulimi. Akafuta machozi, akasema, "Haya, sasa niambie ukweli. Kwa nini jeshi?"

Nikamwambia. "Kwa sababu huku mnahesabu watu kila siku, afande. Mtu akikosekana anatafutwa."

Kicheko kikakatika. Akasema kwa upole, "Binti, huku nako watu hupotea."

"Najua, afande. Lakini siku yenyewe inajulikana."

Akaandika kitu kwenye karatasi, akaniambia nipite upande wa pili.

Nilitembea mpaka nyumbani miguu haigusi chini. Ilikuwa alasiri, mama yuko barazani anatia uzi kwenye sindano, mwanga umemwangukia magotini. Nilimwambia yote: nimechukuliwa, na sababu niliyotoa. Nilimsimulia kwa furaha, mjinga mimi, kama mtu aliyeleta zawadi. Nilidhani atafoka. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kwa kelele, na ningezijibu, maana hasira zangu ziko karibu.

Hakufoka. Aliishusha sindano, akalainisha kitambaa kwa kiganja, tena na tena, mahali ambapo hapakuwa na mkunjo wowote.

"Sababu nzuri, mwanangu," akasema. "Na mimi nikikosekana humu ndani, atajua nani?"

Jumatatu nilipanda gari.