Misa ya Fabrisio na Imelda

Mimi ni Mwalimu Jovita. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na mmoja, nikastaafu, lakini ulimi wangu haujastaafu. Nasema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari. Ninayetaka kusimulia habari zake ni jirani yangu Edvina. Kibanja chake na changu vinatenganishwa na mstari mmoja wa mibuni, na mibuni yenyewe hatujawahi kugombania, jambo ambalo huku kwetu, juu kidogo ya Kashozi, si la kawaida hata kidogo.

Edvina aliletwa hapa bibi harusi akiwa na miaka kumi na tisa. Mumewe, Mwijage, alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache na mikono safi. Ukuta wa Mwijage hata ukiupima kwa uzi hukuti kosa. Walipata mtoto mmoja tu, Kokuberwa, ambaye sasa ameolewa Mwanza. Edvina alipalilia migomba, alitandaza nyasi, alianika kahawa, na siku za Jumapili alivaa kitenge cha bluu akaenda kanisani na mumewe, yeye nyuma hatua mbili. Maisha yao yalikuwa hayo, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Kisha Mwijage akapata kazi Muleba, kule Kishanda, kujenga madarasa mawili. Akasema miezi minne. Madarasa yalikwisha, yakapakwa rangi, watoto wakaingia, wakasoma mpaka wakamaliza la saba, wakatoka. Fundi hajarudi. Alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja, na kwa huyo mjane akabaki. Kijiji kizima kilijua. Kutoka huko mpaka hapa si safari, ni nauli tu.

Lakini ukimuuliza Edvina, alikujibu kwa adabu zote, "Mwijage yuko kazini."

Miaka tisa yuko kazini! Jamani, hata Mungu dunia aliimaliza kwa siku sita.

Na kila Novemba, senene, wale panzi wa kuliwa, wakidondoka, Edvina aliamka alfajiri kuwaokota. Kwetu mwanamke akimkaangia mumewe senene, mume naye humnunulia nguo. Ni deni la heshima, kila mtu analijua. Edvina aliwanyonyoa mabawa, akawakaanga vizuri, akawafunga kwenye jani la mgomba na kumpa dereva wa gari la Muleba awafikishe Kishanda. Miaka tisa alituma. Nguo haikuja. Kitenge cha bluu kikapauka mpaka kikawa hakina jina la rangi.

Sasa nije kwenye luninga. Nilipostaafu nilinunua luninga na king'amuzi, na Jumapili alasiri wanawake wa jirani walikuja kwangu kuangalia tamthilia, zinaporudiwa zile za wiki nzima. Ilikuwa ya nchi za mbali, imetiwa sauti za Kiswahili. Ndani yake walikuwamo mke na mume, Fabrisio na Imelda. Sisi wengine tulifuata vituko: nani kamwekea nani sumu, mtoto ni wa nani. Edvina hakujali sumu. Yeye aliwapenda wale wawili tu, na alivipenda vitu vyao vidogo.

"Mwangalieni Fabrisio," alikuwa akisema, ameketi mkekani karibu na mlango. "Chakula kimeungua, naye anakula. Anasema kitamu. Mwanaume huyo, waitu!"

Au: "Imelda amekasirika, lakini hajamtukania mama yake. Mmeona?"

Kuna siku Fabrisio alimvua Imelda viatu kwa sababu alikuwa amechoka. Basi tu, kuvuliwa viatu. Edvina alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nikamcheka. "Edvina, hawa wanaigiza. Jioni kila mmoja anakwenda kwake."

"Najua, Mwalimu," alisema. "Lakini aliyewaandika aliona wapi? Lazima aliona mahali."

Nikamwambia anyamaze, tunasikiliza.

Ikafika sehemu Fabrisio alipomwacha Imelda. Akamfuata mwanamke mwingine, mwenye gari. Imelda akawa anakaa barazani kila jioni, amewasha taa. Wanawake wangu walimtukana Fabrisio matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Edvina peke yake hakumtukana. Wiki tatu nzima hata chai yangu hakuimaliza.

Kwenye kigango chetu kuna kijisanduku mlangoni. Mwenye nia yake ya kuombewa huiandika kwenye karatasi, akaitumbukiza humo, na padre akija Jumapili ya kwanza ya mwezi, Katekista Anatory huzisoma zote kwa sauti kabla ya misa. Anatory ni mtu mwema sana, hana luninga, na ana mazoea yake: akimaliza kusoma nia husema, "Wenye nia hii, kama wapo, wasimame tuwaombee." Basi Jumapili hiyo alisoma za wagonjwa, akasoma za mitihani, kisha akafungua kijikaratasi kingine, akarekebisha miwani.

"Tuiombee ndoa ya Fabrisio na Imelda. Mungu amrudishe Fabrisio nyumbani kwake akiwa mzima."

Yeye aliona ni majina ya kibatizo kama mengine. Huku kwetu kuna kina Deusdediti na kina Fulgensi, Fabrisio ni kitu gani? Akatazama kanisa zima. "Fabrisio na Imelda, kama wapo, wasimame tuwaombee."

Hakuna aliyesimama. Benchi la watoto likaanza kutikisika. Kisha kicheko kikashika safu ya wanawake, na nani alicheka zaidi? Mimi, mstaafu mzima mwenye mvi! Padre mwenyewe hakuelewa. Akainamisha kichwa, akawaombea kwa moyo wote, kwamba Bwana ailinde nyumba yao.

Nilimwona Edvina benchi la tatu, ameinama mpaka paji la uso linagusa mbao. Nikajua ni yeye. Tulipotoka nje ulimi wangu haukusubiri hata nifike kwenye ngazi.

"Edvina! Watu wa kwenye luninga unawaombea misa, na Mwijage je? Au darasa analojenga halijafika kwenye lenta?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku hiyo ulivunja mtu. Edvina alijifunga kitenge chake vizuri, akanitazama usoni.

"Mwijage yuko kazini, Mwalimu," alisema, akaenda zake.

Jumapili iliyofuata hakuja kwangu. Wala iliyofuata. Nikasema atapoa. Tulionana kwenye mibuni, tukasalimiana, aliniuliza habari za mgongo wangu, hakukosa adabu hata mara moja. Ila mahali pake mkekani palibaki wazi, na hakuna mwanamke aliyepakalia. Niliona vibaya. Nilijua nimekosa, lakini mimi kuomba radhi ni kazi ngumu kuliko kuchimba shimo. Nilikuwa nasema kesho. Mungu anisamehe, nilisema kesho miezi mitano.

Tamthilia ikafika mwisho. Fabrisio alirudi. Alikuja kwa miguu, kanyeshewa, akasimama mbele ya baraza ile ile, taa inawaka. Imelda akafungua mlango. Wanawake walipiga vigelegele sebuleni kwangu utadhani mwari katoka. Mimi nilizima luninga kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupita. Nilikuwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani. Aliyestahili kuona mlango ule unafunguliwa alikuwa kwake, upande wa pili wa mibuni, anachambua kahawa.

Novemba, wiki ile ile ya senene, simu ikapigwa kutoka Kishanda. Mwijage alikuwa ameanguka kazini asubuhi, kiharusi, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekata roho. Edvina alikuwa na senene wake jikoni, ameshawafunga kwenye jani, anamsubiri dereva.

Kwetu mwanaume hazikwi ugenini. Hata angekuwa amekaa huko miaka arobaini, kaburi lake liko katika kibanja chake. Kwa hiyo ndugu yake, Byarugaba, alikwenda kumchukua. Kilichoshindikana kwa miaka tisa kikawezekana kwa siku moja. Yule mjane wa Kishanda hakuja, na sitamsema, naye alikuwa na kilio chake.

Gari lilipofika nilikuwa nimesimama uani kwa Edvina pamoja na wanawake wengine. Alitoka mlangoni amevaa kitenge kile. Hakupiga kelele. Alisubiri waliteremshe jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Karibu nyumbani," alisema. "Pole na kazi."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mimi Mwalimu Jovita, mpaka Byarugaba akanishika mkono kunikalisha. Pole na kazi! Miaka tisa alikuwa ameliweka neno hilo, na alilisema kama mke yeyote anavyomwambia mumewe jioni.

Walileta na begi lake. Nilisaidia kulifungua, na nakiri kwamba nilikuwa natafuta kitu. Nilitaka kukuta kitenge kipya, hata kimoja, hata cha bei rahisi. Kulikuwa na mashati mawili, wembe, mwiko wa kujengea na kadi ya kliniki. Nilitia mkono mpaka kwenye pembe za begi. Edvina alikuwa ananitazama, nadhani alijua ninachotafuta.

"Acha, Mwalimu," aliniambia.

Siku ya tatu baada ya mazishi watu walikuwa wamepungua. Nilikwenda jikoni kwake, nikamkuta anamenya ndizi, nikachukua kisu nikamenya naye. Nilikuwa nimepanga maneno ya radhi tangu kwangu, nikayasahau yote. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mwalimu, hivi Fabrisio alirudi?"

Nikaacha kumenya. "Alirudi."

"Akiwa mzima?"

"Mzima kabisa. Hata mafua hakuwa nayo."

"Na Imelda alimfungulia?"

"Alimfungulia. Taa ilikuwa inawaka."

"Asante Rugaba," alisema, akimtaja Mungu kwa kilugha chetu, na uso wake ukafurahi kweli, kwa mara ya kwanza siku zile. Alimenya ndizi mbili nyingine kabla ya kuendelea. "Mwalimu, wewe ulidhani nimerukwa na akili. Ningeandika Mwijage na Edvina, angesoma Anatory, na kanisa zima lingesikia kwamba mume wangu ameniacha. Nikaona niweke majina ya wale. Nilisema moyoni, Mungu anajua ninamtaja nani."

"Alijua, Edvina," nilimwambia. "Alijua."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na uchungu na mtu. Alisema polepole, jinsi mtu anavyoeleza hesabu aliyoikosea.

"Hapana, Mwalimu. Nimefikiri sana. Fabrisio ndiye aliyerudi mzima. Padre aliomba vizuri, na Mungu alimrudisha aliyesomewa. Niliona aibu kumtaja mume wangu, nikawapa wengine misa yake. Kosa ni langu."

Nilitaka kumwambia yale ni maigizo, kwamba Fabrisio si mtu. Nilitaka kumwambia Mwijage hakuzuiliwa na kijikaratasi, alikuwa na miguu na nauli. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu ulimi ulikataa. Nilimshika mkono, una utomvu wa ndizi, nikamwomba radhi kwa yale ya nje ya kanisa. Akasema yamepita. Kisha akaniomba kitu.

"Mwandiko wako unasomeka. Niandikie misa. Safari hii andika majina yetu."

Niliandika kwa herufi kubwa, kama nilivyokuwa nikiwaandikia darasa la tatu, ili Anatory asipate shida, nikakitumbukiza kijikaratasi mwenyewe kijisandukuni. Jumapili ya kwanza ya mwezi ikafika. Anatory alisoma za wagonjwa, akafungua kijikaratasi changu, akarekebisha miwani.

"Tumwombee marehemu Mwijage, na mkewe Edvina." Akatazama kanisa. Mazoea ni mazoea, yakamtoka mdomoni kabla hajafikiri. "Mwijage na Edvina, kama wapo, wasimame tuwaombee."

Hakuna aliyecheka. Edvina alisimama benchi la tatu, na kitenge chake kilichopauka, akasogea kidogo pembeni kuacha nafasi ya mtu mmoja.