Kizibo Kimoja cha Drafti

Mume wangu Osward aliitwa mwizi miaka kumi na sita, na mkosaji nilikuwa mimi. Acheni niseme, nimechoka kukaa nalo moyoni.

Miaka ile ya tisini, Tunduma ilikuwa foleni. Malori yamejipanga kuvuka mpaka kuingia Nakonde, upande wa Zambia, dereva anakaa siku tatu, nne, anaoga kwetu, anakula kwangu. Mimi nilipika chai na mihogo, Osward akiziba pancha. Kati ya jiko langu na matairi yake palikuwa na benchi, na juu ya benchi ubao wa drafti aliouchora mwenyewe. Kete zilikuwa vizibo vya soda: huyu vyake vimelala chali, yule vyake kifudifudi. Basi. Jamani, kelele za pale! Mpaka leo nikipita nazikumbuka.

Mtu wa Osward pale ubaoni alikuwa Abdulswamad, dereva wa Tanga, mcheshi, aliyeniita shemeji tangu siku ya kwanza. Walipendana hao, we acha tu. Foleni ikisogea mchezo haujaisha, Abdulswamad anapanda lori lake kwenda Lubumbashi, na ubao unawekwa ulivyo juu ya kabati la vyombo pale jikoni kwangu mpaka arudi. Wiki tatu, mwezi. Na mimi naambiwa, "Mama Tusekile, usiguse." Nisiguse! Kabati langu, vumbi langu.

Siku moja, mwaka tisini na nane, nikagusa. Nilitaka kufuta tu. Ubao ukainama, vizibo vinne vikabingirika chini. Nikaviokota mbio, nikavirudisha mahali pake, maana vumbi lilikuwa limeacha alama za duara. Nikamshukuru Mungu. Kumbe kimoja nimekilaza kinyume: kete ya Abdulswamad imekuwa ya Osward.

Abdulswamad aliporudi akakaa, akahesabu, akahesabu tena.

"Niliacha saba kwa saba," akasema. "Hapa naona sita kwa nane. Osward ndugu yangu, hata wewe?"

Watu wamejaa. Osward akaniangalia mara moja tu. Mimi nikainamia sufuria.

"Basi, ni mimi," akasema Osward.

Abdulswamad akanyanyuka, chai hakuimaliza. Tangu siku hiyo lori lake likawa linapita bila kusimama. Wenzake wakampa Osward jina, Mwizi wa Kizibo, naye akaitikia. Lakini lile benchi halikurudi kuwa lile tena.

Mwaka 2014 binti yetu Tusekile akamletea baba yake simu kubwa yenye drafti ya mtandaoni. Mzee mzima kutwa anacheza na watu wa Brazili, wa wapi sijui! Nikamcheka sana. Halafu nikamsikia akimuuliza mwanawe kwa sauti ya chini, "Humu ndani, mtu wa Tanga anaweza kuwemo?"

Yale maneno yalinikata maini. Nikamwambia palepale: ni mimi niliyeviangusha, ni mimi niliyekigeuza. Hakushtuka.

"Najua. Nilikuwa chini ya lori la watu, nikaona miguu yako na vizibo vinabingirika."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme, umati wote ule ukucheke?"

Nililia. Nikamtukana kidogo pia, maana mtu gani anakaa hivyo miaka yote! Kesho yake nikawasumbua madereva mpaka nikapata namba. Abdulswamad alikuwa ameshaacha lori, yuko kwao Tanga, magoti yanamsumbua. Nikamweleza yote.

"Shemeji," akasema, "mpe Osward."

Nikaweka spika, nikampa. Hakuna salamu, hakuna nini.

"Ilikuwa zamu ya nani?" akauliza Abdulswamad.

Mume wangu akaisogeza simu karibu. "Yako," akasema. Kisha akaanza kumtajia kila kizibo na mahali kilipokuwa, vyake saba, vya mwenzake saba, na kwa kila kimoja Abdulswamad akawa anaitikia, "Ndiyo. Ndiyo."