Wale wa Kaka Yako

Tangazo lilitoka kabla udongo wa kaburi haujakauka: anatafutwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, kwa utafiti wa antimata katika maabara ya chuo kikuu. Nafasi yenyewe ilikuwa ya kaka yake, aliyegongwa na lori akienda kazini kwa baiskeli. Kitinda Mimba, kama walivyomwita nyumbani hata alipokuwa mwalimu wa fizikia mwenye wanafunzi wenye ndevu, akaomba. Mama alinuna wiki nzima. Ile maabara, alisema, imeshamla mmoja.

Akaipata. Kiti alichopewa kilikuwa bado kimepandishwa kwa ajili ya miguu mirefu ya marehemu, kwa hiyo yake ikawa inaning'inia kama ya mtoto. Kwenye nyaya kulibandikwa vibandiko vyenye mwandiko wa kaka, ule uliolala ubavu. Kila alipofungua mlango alihisi kuna mtu ndiyo kwanza katoka. Hakuwa mwoga, lakini alianza kubisha hodi kwenye chumba kitupu.

Kilichomnyima usingizi ni mtego. Ndani ya silinda ya chuma, katika utupu na baridi kali, kaka yake alikuwa amenasa chembe za antimata. Chembe hizo zikigusa kitu chochote cha kawaida, hata ukuta wa chombo, hutoweka, ndiyo maana sumaku na umeme huzishikilia katikati zisiguse popote. Yeye kafa, zenyewe zingali zinazunguka. Kwenye skrini zilionekana kama bonde dogo kwenye mstari.

Kosa lake ni kumweleza mama. Kwa kutaka kumliwaza, alimwambia kwamba vile vitu alivyovinasa kaka bado vipo, vinaelea, mradi visiguse ukuta. Tangu hapo kila akipiga simu huanza na habari za "wale wa kaka yako": wameamkaje, baridi haijawazidi? Mara ya kwanza Kitinda Mimba alicheka. Mara ya pili hakuweza.

Kisha msimamizi, mzee mpole asiyeweza kumtazama mtu machoni, akamweleza kuwa sumaku inataka matengenezo, na jaribio lake haliwezi kuanza mtego ukiwa na chembe za zamani. Desturi ya pale ilikuwa aliyezinasa ndiye huziachia ziguse ukuta. Kwa kuwa hayupo, basi ndugu yake. Akikataa hatalaumiwa, ila nafasi atapewa mwingine.

Mama alipozipata habari za matengenezo, alipiga simu asubuhi ya siku yenyewe ya kuziachia.

"Mwanangu, wale usiwaguse. Niachie hao tu."

"Nimesikia, mama."

Akaenda akabonyeza kitufe cha kuziachia. Hakukuwa na kishindo wala nini. Vistari vichache viliruka kwenye skrini, halafu mstari ukanyooka. Alilia mbele ya wenzake bila haya.

Siku hizi ni daktari wa fizikia, ana wanafunzi wake, na bado hubisha hodi. Wakati mwingine mtego ukiwa mtupu huliona lile bonde, akipepesa macho halipo. Hajamwambia mtu. Mama naye kazeeka, majina ya wajukuu yanampotea, ila simu haikatiki kabla hajauliza.

"Wale wa kaka yako hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Wanakusalimu."

"Waambie wasiguse ukuta."